Skrini tisa, rangi tisa, na harusi ni Jumamosi: naombeni msaada

FundiKisonge (Jumapili, saa 4 usiku)

Assalaam alaykum wadau. Uzi wangu mrefu kidogo, nivumilieni.

Kuna ukumbi wa harusi hapa Mjini, sitoutaja, naangalia sauti na picha kwa malipo ya shughuli kwa shughuli. Jukwaani pana ukuta wa skrini: paneli 9 za inchi 55, tatu kwa tatu, nazihesabu kushoto kwenda kulia kuanzia juu, fremu zake nyembamba kama ukucha, picha moja imegawiwa zote. Ulifungwa miaka mitatu na kitu iliyopita na waliofunga hawapokei tena simu.

Jana palikuwa na shughuli ya kina mama. Mnajua taratibu zetu, wakishaanza kuingia wanawake mie natoka. Namuacha binti mmoja kwenye mitambo, nakaa nje kwenye gari na simu yangu. Saa tatu usiku simu ikaanza.

Familia ya bibi harusi wameshona sare, rangi ya krimu, wamekaa safu moja. Kamera inapowapitia, sare upande wa kushoto ni krimu kweli. Paneli ya katikati kabisa imekuwa kama iliyotiwa buluu ya kufulia. Upande wa kulia kama imeloweshwa chai. Shangazi mmoja akainuka akamkabili fundi cherehani, naye alikuwemo kama mualikwa, akamuuliza mbele za watu kwa nini amekata majora mawili tofauti. Yule mama akala kiapo kuwa jora ni moja. Binti yangu anasema kwa nusu saa shughuli ilikuwa ni hiyo tu.

Kisha bibi harusi akaoneshwa kwa karibu. Uso ukaangukia kwenye makutano ya paneli ya 5 na ya 6. Shavu moja limepauka, la pili mgonjwa wa manjano. Mtu amesingwa wiki nzima ili atoke vile!

Jumamosi inakuja shughuli nyingine. Mwenye ukumbi kaniambia ama itengenee ama nitundike shuka jeupe na projekta. Nimeshika rimoti tangu adhuhuri, nikigeuza moja zinageuka zote, na nyengine zinageuka nusu. Nianzie wapi?

Boflo_la_Moto (Jumapili, saa 4 na dakika 12)

Weka zote vividi, ile aina ya picha ya rangi kali. Mwangaza 100, rangi 100. Kwangu nimefanya hivyo na watu wanasifu.

Spea_Mlandege (Jumapili, saa 4 na nusu)

Hizo paneli zimechoka sheikh. Badilisha ya 5 na ya 6, njoo inbox tuzungumze bei. Na stebilaiza pia ununue, umeme ukishuka ndipo rangi zinapochafuka.

Dada_Pikseli (Jumapili, saa 5 usiku)

Kaka FundiKisonge, pole. Usinunue kitu chochote kwanza. Na naomba usimsikilize Boflo, samahani Boflo, kwa TV moja sebuleni kwako ni hiari yako, lakini kwa ukuta hiyo ni sumu. Ukipandisha kila kitu mia, kila paneli inakwenda mpaka mwisho wa uwezo wake, na mwisho wa kila moja ni tofauti. Umezifungulia tofauti zao zote zitoke nje.

Jambo la kuliweka kichwani ni hili: jicho halijui krimu sahihi ni ipi, lakini linajua mara moja kama krimu mbili zilizopakana si moja. TV ya jirani inaweza kuwa ya buluu miaka kumi na asijue. Ila doti ya kanga ambayo kipande kimoja kimefuliwa mara nyingi zaidi ya mwenzake, hata mtoto wa skuli ya maandalizi ataiona. Kwa hiyo kazi yako si kuzifanya paneli ziwe nzuri. Kazi yako ni kuzifanya ziwe sawa. Na kwa kuwa kilichopauka hakirudi, itakubidi upaushe kilicho kipya.

Kuhusu umeme wa kaka Spea: paneli hizi zina pawa saplai ambayo kwa kawaida inakubali volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka kidogo picha haihami rangi. Umeme wetu unaua paneli, hilo kweli, hasa ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kinga ya kishindo ni pesa halali kabisa. Ila rangi hautibu. Na waya wa HDMI, ule unaoleta picha, vilevile: mambo ni ya dijitali, waya mbovu unatoa vimulimuli au kiza, hautii sare rangi ya chai.

Sasa nijibu haya, paneli kwa paneli, uandike kwenye karatasi:

Ziko kwenye aina gani ya picha, na joto la rangi, yaani nyeupe kuelekea buluu au njano, limewekwa wapi? Kuna yoyote ambayo hali ya kuokoa umeme imewashwa, au ile sensa inayopunguza nuru kufuata mwanga wa chumba? Kontrasti ya kujibadilisha yenyewe? Toleo la programu ya ndani ni moja zote? Kiwango cha nyeusi cha HDMI? Na muhimu kuliko yote, masaa: ndani ya menyu ya fundi kila paneli imehesabu masaa iliyowaka. Yalete hapa.

Kuhusu rimoti: jicho la rimoti linapokea mionzi popote inapofika, kwa hiyo ukisimama mbele unazipiga zote, ukisimama pembeni unapiga za karibu tu. Ndiyo maana yake ya "nusu". Ama zibe macho ya nane kwa karatasi ngumu na gundi ya kubandua, ama upate waya wa amri, wa RS-232, unaorukia paneli hadi paneli, uzipe namba 1 mpaka 9, uziamrishe kutoka kwenye laptopu. Hii ya pili inatulia zaidi.

Boflo_la_Moto (Jumapili, saa 5 na robo)

Sawa dada nimekoma 😅

FundiKisonge (Jumatatu, saa 5 usiku)

Dada, nimerudi na karatasi, na nina hasira.

Paneli 3 na 9 ziko kwenye joto la rangi tofauti na wenziwe, zimewekwa ile ya uvuguvugu, ya njano. Nyengine saba ni ya kawaida. Nakumbuka mwezi wa Shaaban kijana mmoja wa ukumbi alisimama pembeni kulia na rimoti "kurekebisha". Ndiyo hiyo. Paneli 4 na 7 kuokoa umeme kumewashwa. Sensa ya mwanga wa chumba imewashwa zote tisa, yaani kila moja inajiamulia yake! Programu ya ndani ni moja isipokuwa ya 5.

Ya 5 ndiyo iliyobadilishwa mwaka jana baada ya ile kuungua. Na kwenye ya 5 kiwango cha nyeusi kimeandikwa kingine, wenzake wote chini, yeye juu.

Masaa: saba kati ya hizo ni karibu sawa, kama masaa 6,000 na ushei. Ya 5 ina 1,900. Ya 6, sikilizeni, ina 11,400.

Nikamuita mlinzi. Akacheka kwanza. Kumbe siku zisizo na shughuli wanachomeka king'amuzi kwenye ya 6 peke yake, kwa kuwa ndiyo inayofikika kwa kiti, wanatizama mpira. Ligi, AFCON, CHAN ilipokuwa Amaan watu wanacheza hapo mbele nao wanatizama kwenye ya 6. Miaka mitatu.

Kusi_na_Kaskazi (Jumatatu, saa 5 na nusu)

Hahahaha paneli imekula mpira peke yake mpaka ikaugua manjano. Mlinzi hana kosa bwana, laumuni aliyeiweka usawa wa macho.

MzeeWaAntena (Jumanne, alfajiri)

Nasoma nikacheka peke yangu. Vijana, hili mnalolihangaikia ni la zamani. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara hawajakuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Mie nilikuwa mwanafunzi kwa fundi mmoja wa Ng'ambo, Mungu amrehemu. Seti ya wakati ule ilikuwa na bunduki tatu ndani ya chupa, nyekundu, kijani na buluu, na vitufe vya kuzirekebisha viko nyuma. Utakuwaje nyuma na picha iko mbele? Tunasimamisha kioo cha kujitizamia mbele ya seti, mie nakishika, yeye anageuza huku anachungulia.

Na hakuwa akitumia picha ya rangi hata siku moja. Anangoja picha nyeusi na nyeupe. Anasema rangi inadanganya, kijivu hakidanganyi. Kijivu kikiwa kijivu kwenye kiza na kwenye nuru, basi rangi zitakaa zenyewe. Kuna siku nilimuuliza kwa nini hashiki kitufe cha kijani, akanipiga kofi la mgongo: kijani ndiyo nguzo, shusha hao wawili wengine wamfuate.

Je, siku hizi bado ndivyo?

Dada_Pikseli (Jumanne, saa 2 asubuhi)

Shikamoo mzee wangu. Ndivyo hivyo hivyo, na fundi wako alikuwa na elimu. Katika kipimo cha rangi cha televisheni za HD, kiwango kinachoitwa Rec. 709, kijani peke yake kinabeba karibu asilimia 72 ya nuru ya nyeupe. Nyekundu asilimia 21 na kitu, buluu saba tu. Ukichezea kijani unachezea mwangaza wote. Kwa hiyo kwa kawaida kijani tunakiacha, tunashusha nyekundu na buluu. Tunashusha, hatupandishi. Ukipandisha unagonga dari na nuru za juu zinaungana kuwa bapa moja: kitambaa cheupe kinapoteza mikunjo yake, nakshi ya shela haionekani.

Kaka FundiKisonge, leo usipime kitu. Fanya haya tu. Zima sensa zote tisa. Zima kuokoa umeme, zima kila kinachojibadilisha chenyewe. Joto la rangi liwe moja. Programu ya 5 uilinganishe na wenzake. Kiwango cha nyeusi cha 5 kiwe sawa na wengine: picha ya video kawaida inakuja kwa ngazi 16 mpaka 235, na kama paneli inadhani inapokea 0 mpaka 255, nyeusi yake inakuwa kijivu na picha nzima inaonekana kama ina vumbi. Kinyume chake, nyeusi zinazama na mabuibui yote ukumbini yanakuwa doa moja la wino.

Kisha andika tena unaona nini.

Neno moja la tahadhari kuhusu menyu. Kuna taa ya nyuma na kuna kile walichokiita braitinesi, na sote tunaviita mwangaza. Si kitu kimoja. Taa ya nyuma ndiyo nuru yenyewe. Ile braitinesi kwa kweli inainua au kuzamisha nyeusi. Nuru ishushe kwa taa ya nyuma, ile nyengine iache ilipo.

FundiKisonge (Jumanne, saa 4 usiku)

Wallahi nusu ya ugonjwa umeondoka na sijapima chochote. Ya 3 na ya 9 zimerudi kundini. Ya 4 na ya 7 zimeamka. Ya 5 haina vumbi tena ila bado inang'aa kuliko wote na ina ubuluu. Ya 6 bado chai, chai nyepesi.

Nimepiga picha kwa simu nikaona mistari na rangi za ajabu ambazo kwa macho sizioni. Simu inaona zaidi yangu?

Dada_Pikseli (Jumanne, saa 4 na nusu)

Simu inaota. Inajichagulia nyeupe yake na nuru yake kila unapoisogeza. Kwa kulinganisha kabla na baada sawa, ukiifunga mipangilio yote kwa mkono na kuiweka kwenye stendi. Kwa kupimia hapana.

Kidude changu cha kupimia njoo ukichukue kesho baada ya laasiri Michenzani, pale pale tulipoonana kwenye ile kazi ya jezi. Ni i1Display Pro, cha zamani lakini kizima. Programu ni DisplayCAL, ya bure, inayotumia ArgyllCMS kwa chini, au HCFR kama huna haja ya mambo mengi. Ndani ya programu chagua faili la masahihisho linalolingana na aina ya taa ya nyuma ya paneli zako, LED nyeupe, na usilibadilishe katikati ya kazi. Kipimio kimoja, faili moja, paneli zote tisa. Hata kikiwa kimekosea kidogo kitakosea sawasawa kwa wote, na sisi tunatafuta usawa.

Utaratibu:

Washa ukuta wote saa nzima kabla. Nusu saa ndiyo kima cha chini, ila ukumbi huo ni mkubwa na mie sikuamini utakavyokuwa na haraka. Taa za LED zikipata moto nuru yake inashuka kisha inatulia. Ukipima zikiwa baridi utakuwa umepima ukuta mwengine. Washa na viyoyozi kama siku ya shughuli, maana moto hupanda na safu ya juu daima ina joto zaidi ya ya chini. Zima taa za ukumbi. Kipimio kikae katikati ya paneli, kiguse kwa upole bila kuminya, maana ukiminya kioo rangi inahama chini ya kidole.

Kwanza piga nyeupe tupu kwenye kila paneli. Tunatafuta nyeupe ya D65, ile ya kelvini 6500, ambayo kwenye kipimio inasoma x 0.3127 na y 0.3290, namba mbili zinazotaja rangi. Shusha rangi iliyozidi mpaka ufike karibu hapo, kijani ukikigusa mwisho kabisa. HAPO NDIPO usome nuru kwa niti, kipimo cha nuru ya skrini, si kabla, kwa sababu kila unachokishusha kinakula nuru. Watu wengi wanapima nuru kwanza, wanachagua lengo, kisha wanarekebisha rangi na paneli dhaifu haifiki tena kwenye lengo. Wanaanza upya saa nane usiku. Nawajua, maana mie ni mmoja wao.

Ukishapata niti za zote tisa, tizama iliyo ndogo kabisa. Lengo liwe chini yake kidogo. Wote washuke huko kwa taa ya nyuma.

Kisha kijivu cha asilimia 80 na kijivu cha asilimia 20. Cha 80 unakirekebisha kwa vitufe vya rangi vya sehemu za nuru, cha 20 kwa vile vya sehemu za kiza, na kila kimoja kinamvuta mwenzake, kwa hiyo unarudi mara mbili tatu. Usifukuzie ukamilifu. Tofauti ya rangi inahesabiwa kwa delta-E. Moja ni ile ambayo jicho linaanza kuhisi. Kwa paneli zinazopakana ukipata chini ya mbili, funga laptopu uende nyumbani.

FundiKisonge (Alhamisi, saa 8 usiku)

Bado nipo ukumbini. Majibu baada ya kuweka nyeupe sawa: ya 5 niti 470. Nyingi zimo kati ya 390 na 430. Ya 6 imeishia 305. Yaani ile tulosema tumshushe kila mtu, kweli tunashuka wengi kumfuata mmoja mgonjwa. Moyo unauma kuishusha ya 5.

Dada_Pikseli (Alhamisi, saa 8 na dakika 10)

Usiumie. Ukumbi wa ndani usiku hauhitaji hata 300. Weka zote 250. Paneli zitaishi zaidi na mashavu ya watu hayatong'aa kama yamepakwa mafuta.

Na kabla hujaendelea, fikiria kuihamisha ya 6. Kati kulia ndipo sura zinapoangukia. Mgonjwa apelekwe pembeni chini, ya 9 ipande mahali pake. Ukimaliza kuhamisha utapima tena hizo mbili, maana joto la mahali ni jengine. Usisahau kuzibadilisha namba na nafasi kwenye mpangilio wa vigae, ule unaoigawa picha kwa paneli, la sivyo bibi harusi atakuwa na kiwiko mahali pa sikio.

ChakeLED (Alhamisi, saa 3 asubuhi)

Naingia hapa hapa kwa ruhusa ya mwenye uzi. Mie n'ko Pemba, Chake. Ukuta wangu si paneli hizo, ni LED tupu, vipande vya P3, yaani vitaa vimeachana milimita tatu, tunaukodisha kwa mikutano na mashindano ya Qur-ani. Shida mbili. Kwanza, vipande nilivyoongeza mwaka huu vina rangi nyengine na vya zamani, ukuta una viraka kama shuka la msafiri. Pili, nikipiga nyeupe tupu, kabati za mwisho mbali na pawa zinakuwa nyekundu. Nikipiga picha ya kawaida, hamna kitu. Nimebadilisha risivingi kadi, ile inayopokea picha ndani ya kabati, hakuna. Wenzangu wanasema ni chumvi ya bahari.

Dada_Pikseli (Alhamisi, saa 5 asubuhi)

Hii ya pili naipenda. Kaka, hiyo si kadi, wala si chumvi, ingawa chumvi inaweza kuwa imesaidia. Ni volti inayopotea njiani. Vipande vinakula volti 5. Kitaa chekundu kinahitaji kama volti 2 kuwaka, cha kijani na cha buluu kama 3. Ukipiga nyeupe tupu kila kitaa kinavuta mkondo kwa pamoja, waya mwembamba na mrefu unapoteza volti, na wa kwanza kukosa ni kijani na buluu. Nyekundu anabaki anajidai peke yake. Picha ya kawaida haivuti mkondo mwingi, ndiyo maana huoni.

Chukua mita, pima kwenye plagi ya kipande cha mwisho wakati nyeupe imewaka. Tizama na viungio: vikiwa na kutu ya kijani, hapo chumvi inapata sehemu yake ya lawama. Waya mnene zaidi, mfupi zaidi, au pawa saplai igawe vipande vichache.

Ya kwanza ni jora. Vitaa vya LED hupangwa kwa mafungu kiwandani kufuata rangi na nuru, na fungu la mwaka huu si fungu la mwaka juzi. Dawa ya kweli ni kununua vya akiba siku ile ile unayonunua ukuta. Kwa kuwa imepita, una mawili: upime kipande kwa kipande na uandike masahihisho kwenye mfumo, programu za NovaStar na wenzake, watengenezaji wa mitambo ya kuta za LED, zinaruhusu, au vile vipya uvitawanye ukuta mzima badala ya kuviweka pamoja. Kiraka kimoja kikubwa kinaonekana. Chembe chembe zilizotawanyika jicho linazimeza.

ChakeLED (Alhamisi, saa 1 usiku)

Kipande cha kwanza volti 4.9. Cha mwisho 3.8! Waya waliniuzia mwembamba kama wa kengele ya mlangoni. Ahsante sana dada yangu, Mola akuzidishie.

Spea_Mlandege (Alhamisi, saa 1 na nusu)

Waya mnene ninao.

FundiKisonge (Ijumaa, baada ya sala)

Nimemaliza jana saa moja jioni. Ya 6 sasa ni ya 9. Zote zimo kati ya niti 246 na 253. Tofauti kubwa ya majirani ni delta-E 1.7, baina ya ya 5 na ya 8. Kijivu cha 20 kilinitesa, ya 5 kwenye kiza inavuta buluu, nimeibembeleza mpaka ikakubali. Nimeandika namba zote kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya ukuta ndani ya mfuko wa nailoni. Mlinzi nimemletea TV ndogo kutoka kwangu, king'amuzi kimehamia kibandani kwake.

Mabaki: kona ya chini kulia, pale alipo mgonjwa, pana uwaridi kidogo pembezoni ambao katikati haupo. Hauondoki.

Dada, kesho mie nitakuwa nje kwenye gari kama kawaida. Unaweza kuingia unitizamie?

Dada_Pikseli (Ijumaa, saa 10 alasiri)

Uwaridi wa pembezoni hauna kitufe, paneli haiko sawa ndani yake yenyewe. Waambie wapambaji waweke maua kona hiyo. Nitaingia, nipatie jina mlangoni. Na nitavaa vizuri, usiseme natoka kwenye mitambo.

Dada_Pikseli (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Ripoti. Sare jana ilikuwa ya kijivu cha njiwa, yaani mtihani mgumu kuliko krimu, nikaomba Mungu. Safu nzima ya wanawake, kama thelathini, kijivu kimoja kutoka kushoto mpaka kulia. Hakuna aliyeutaja ukuta, watu wametaja biriani tu kuchelewa. Maua yamekaa vizuri.

Lakini nina dosari, na ni yetu sote wawili. Nilisimama nyuma, safi. Nikakaa viti vya katikati, safi. Kisha nikaenda kukaa kwenye mikeka mbele, walipokaa bibi na mama zake, watu ambao shughuli yenyewe ni yao. Kutoka pale chini safu ya juu yote imepauka, nyeusi imekuwa moshi. Paneli zako ni za VA, aina moja ya kioo cha LCD, ukizitizama kwa pembe kali zinapoteza kina. Kipimio kilikuwa kimeikabili skrini uso kwa uso, kimesema kweli, ila hakuna mualikwa anayekaa uso kwa uso na safu ya juu isipokuwa awe amepanda ngazi. Hatukukaa chini hata mara moja tulipokuwa tunapima.

MzeeWaAntena (Jumapili, saa 5 asubuhi)

Kioo changu kilikuwa kinawekwa pale anapokaa mwenye nyumba.

FundiKisonge (Jumapili, saa 8 mchana)

Mzee umenimaliza.

Mabano ya juu yana nafasi ya kuinamisha mbele, nimeyachungulia. Safu ya juu ikiinama kiasi na jukwaa likishushwa ngazi moja naona itafika. Jumatatu nitaleta mkeka wangu mwenyewe nikae chini nitizame. Kipimio nitakurudishia baada ya hapo, au kama ChakeLED anakihitaji kwa vile viraka vyake nikitume na mtu wa boti, wewe ndiye mwenye amri.

Na kuna jambo. Fundi cherehani wa ile shughuli ya kwanza kanipigia. Anataka mkanda wa siku ile uchezwe upya kwenye ukuta uliotengenea, amwite shangazi aje aone jora ni moja. Nimemwambia mkanda wa kina mama si wangu kuuonesha. Akasema basi, kitambaa kimembakia.

Dada_Pikseli (Jumapili, saa 8 na robo)

Mwambie akilete chote kilichobaki Jumatatu. Kitandazwe jukwaani mwanzo mpaka mwisho, kamera ikae mbali. Hatujawahi kupata kigezo kirefu kama hicho.